Usumba Ndani ya Kiti cha Baba

Kwa miaka kama mitatu, kila baba aliposhuka kwenye gari lake, mimi au dada yangu tulimkung'uta suruali. Nyuma ya mapaja palibaki unga wa kahawia, kama vumbi la mbao. Tulidhani ni kutu. Baba alisema gari linazeeka kama yeye, akaishia hapo.

Gari lenyewe ni Volkswagen ile ya mviringo, iliyotengenezwa mwaka 1968. Baba aliinunua mwaka 1976 kwa mtu aliyekuwa akihama, naye alikuwa mwalimu kijana wa sekondari hapa Tanga. Nyumbani tunaiita Foksi. Mimi ni kitinda mimba, kwa hiyo nimeikuta kama nilivyoikuta nyumba na mwembe wa uani.

Mwaka juzi baba alianza kushindwa. Kutoka nyumbani hadi sokoni ni dakika kumi na tano, lakini akifika alikuwa anashuka ameshika kiuno, kisha anasimama kwanza na mkono juu ya paa la gari, kama mtu anayezungumza na aliyeko ndani. Daktari alisema diski za pingili za chini zimechakaa. Apunguze kukaa, na akikaa, akae vizuri. Baba alisikia nusu ya kwanza tu. Akaegesha Foksi chini ya mwembe, akaacha kuendesha. Mama alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Alipoacha na gari, alikuwa ameacha karibu kila kilichokuwa kikimtoa nyumbani.

Mimi nilikuwa na mpango. Nilitaka ning'oe viti vya zamani, nifunge viti vya gari la Kijapani kutoka kwa wauza skrepa: vinene, vyenye kilaza mgongo na cha kushika kichwa. Nilikwenda Ngamiani kwa mzee mmoja anayeshona viti vya magari na makochi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Hebu tukione kwanza hicho unachotaka kukitupa."

Akakata kwa koleo zile pete za waya zinazoshika kitambaa, akakunja ngozi ya bandia. Chini yake palikuwa na tandiko la nyuzi za kahawia, limekauka, linavunjika kama mkate wa jana. Unga ule ule. Nikamuuliza ni nini.

"Mtoto wa pwani, hujui usumba?"

Niliona aibu kidogo, maana usumba naujua. Kwetu makumbi ya nazi hayatupwi. Kule Jambiani na Paje, Unguja, wanawake huyafukia ufukweni, pale maji yanapopwa na kujaa, yakakaa humo miezi mingi. Kisha huyafukua na kuyaponda kwa rungu mpaka nyuzi ziachane, wakazisokota kamba. Mitepe, vyombo vya kale vya Lamu na jirani zake, mbao zake hazikupigiliwa misumari, zilishonwa kwa kamba za usumba. Nyuzi za nazi zina lignini nyingi, dutu ile inayoupa mti ugumu wake, ndiyo sababu maji ya chumvi hayaziozeshi upesi. Bibi yangu alilalia godoro la usumba mpaka alipokufa. Nilichokuwa sikujua ni kwamba Wajerumani nao waliukalia.

Nikaanza kusoma. Viti vya magari ya kwanza vilirithi viti vya magari ya farasi: fremu, springi za chuma, gunia juu ya springi, singa za mkia wa farasi juu ya gunia, na ngozi juu ya vyote. Baadaye viwanda vikaona kwamba singa, nywele za nguruwe au usumba, vikipuliziwa utomvu wa mpira na kupashwa moto, hushikana vikawa pedi moja inayorudi katika umbo lake kila ikikandamizwa. Pedi za namna hiyo ndizo zilizotumika kwenye Volkswagen. Usumba mwingi wa soko la dunia ulitoka India na Sri Lanka, kwa hiyo sitadai kwamba kiti cha baba kina makumbi ya Pangani. Lakini mnazi ni mnazi.

Gari hilo halikubuniwa kwa ajili ya starehe. Hitler alitaka gari la watu wa kawaida, Ferdinand Porsche akalichora, na bei ikatangazwa kuwa marki 990. Watu wapatao 336,000 walijiwekea akiba kwa kubandika stempu za marki tano kila wiki. Vita vikaanza, kiwanda kikageukia magari ya jeshi, kikatumia vibarua waliolazimishwa, na kati ya waliojiwekea akiba hakuna hata mmoja aliyepewa gari. Mwaka 1945 kiwanda kilichopigwa mabomu kilikuwa mikononi mwa jeshi la Uingereza, na ofisa mmoja, Meja Ivan Hirst, ndiye aliyesimamia magari yalipoanza kutoka tena. Kutoka hapo gari lilienda kila mahali. Tarehe 17 Februari 1972 lilivunja rekodi ya Ford Model T kwa kufikisha magari 15,007,034. La mwisho lilitoka Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, likiwa la 21,529,464.

Huku kwetu lilipata sifa yake kwenye matope. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Volkswagen ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Baba huitaja miaka hiyo kama anavyotaja miaka ya kuzaliwa kwetu. Kila nilipomwambia viti vyake ni vibovu, alinijibu kwa Safari.

Nilipomweleza habari ya viti vya Kijapani, hakujibu hata kwa Safari. Alisema tu, "Basi liuze."

Nikarudi kwa fundi. Yeye alikuwa na sababu zake za kukataa, za kifundi tupu. Reli za viti vya Kijapani hazioani na za Volkswagen, kwa hiyo tungetoboa sakafu, na sakafu ya gari la zaidi ya miaka hamsini lililoishi karibu na bahari si ya kutoboatoboa. Viti vile pia ni virefu kwenda juu. Baba angegusa paa kwa kichwa na usukani kwa mapaja. "Utampa kochi," alisema, "halafu ashindwe kukanyaga klachi."

"Basi tujaze sponji ndani ya hivi hivi."

"Sponji ipi?"

Nilidhani sponji ni sponji. Kumbe nayo ina historia. Mwaka 1929 maabara ya Dunlop huko Uingereza ilifaulu kuupiga utomvu wa mpira mpaka ukawa povu linaloganda. Mwaka 1937 Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen wakapata poliurethani, na miaka ya 1950 ikaanza kuuzwa ikiwa povu laini. Kiwandani povu humiminwa ndani ya kalibu likatoka kiti kizima bila fundi wa kutandika nyuzi. Ndilo lililoyasukuma usumba na singa nje ya magari, na sufi nje ya magodoro yetu. Lakini fundi alinionyesha kwa mkono: ile nyepesi ya bei rahisi, ukiikalia inazama mpaka springi zinakugusa. Nene kupita kiasi inakunyanyua kutoka mahali ulipopangiwa. Tena hailipitishi joto la mwili kama nyuzi, na Tanga ya Februari inajulikana.

Hapo ndipo swali langu lilipobadilika. Nilikuwa nauliza kiti kipi ni laini. Nikaanza kuuliza mgongo wa baba unahitaji nini. Daktari wa mifupa wa Sweden, Alf Nachemson, alianza miaka ya 1960 kupima shinikizo ndani ya diski za uti wa mgongo kwa watu walio hai. Yeye na wenzake waliona kwamba mtu aliyekaa bila kuegemea hubebesha diski za kiuno mzigo kuliko aliyesimama, na kwamba mzigo hupungua mgongo wa kiti ukilala nyuma kidogo na kiuno kikipata kitu cha kukishikilia. Ulaini haukuwa jibu. Kiti cha baba kilikuwa kimebonyea katikati, kwa hiyo nyonga zilizama na kiuno kikapinda nje kama upinde. Daktari wake alikuwa amesema yote hayo kwa maneno mawili: akae vizuri.

Baba bado alikuwa na hoja moja, nayo haikuwa ya kipuuzi. "Ukiweka vitu vyako humo, si kiti cha asili tena."

Nilimwambia watengenezaji wenyewe hawakukaa na asili moja. Sheria ya Marekani ilipodai kuanzia tarehe 1 Januari 1969 kila gari jipya dogo liwe na cha kuzuia kichwa kisitupwe nyuma, Volkswagen zilizokwenda huko zilikuwa tayari zimerefushwa migongo ya viti, na wapenzi wa magari wakaviita viti vya mawe ya kaburi. Gari ni lile lile, kiti kingine. Kila miaka michache walibadili fremu, springi, kitambaa. Ungemuuliza mhandisi wa Wolfsburg asili ni ipi, angekuuliza ya mwaka gani.

Baba alinyamaza kitambo. "Cha dereva fanyeni," akasema. "Cha mama yako kiacheni."

Kiti cha abiria kilikuwa kimebonyea kuliko vyote, upande wa mlangoni, kwa sababu mama alikuwa anakaa ameegemea dirisha. Miaka ya shida ya mafuta, magari binafsi yalipokatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, kazi yake ilikuwa kuangalia saa. Walikwenda Muheza kumwona bibi, na saa sita na nusu mama alikuwa tayari kitini, mlango wazi, akimwita baba aache maneno. Zaidi ya miaka arobaini mwili mmoja ulikandamiza pedi ile mahali pale pale. Nilitaka kusema kwamba kiti kibovu ni kiti kibovu. Sikusema.

Fundi alimaliza cha dereva kwa siku nne. Springi tatu zilikuwa zimekatika. Alizibadili kwa nyingine kutoka fremu kuukuu aliyokuwa nayo. Akasugua kutu, akapaka rangi. Juu ya springi aliweka gunia la katani, nyuzi za mkonge wa mkoa wetu, ili chuma kisile kilichoko juu. Juu ya gunia akatandika usumba mpya, akaushona kwa sindano ndefu usitembee. Kisha sponji ngumu ya unene wa vidole viwili, na nyembamba laini juu kabisa. Mgongoni, mahali pa kiuno, aliongeza mto mdogo chini ya ngozi, usioonekana ukiwa nje. Alimwita baba mara tatu akae, ainuke, akae tena. Mara mbili alifumua na kupunguza. Ngozi ya bandia ilikuwa ile ile ya zamani, imefutwa na kushonwa palipochanika.

Kiti cha nyuma tulikigusa kwa sababu nyingine. Betri ya gari hili iko chini yake, upande wa kulia. Springi zikilegea na watu wazito wakikaa, chuma kinaweza kugusa vichwa vya betri, cheche zikashika nyuzi kavu zilizo juu. Kifuniko cha betri sisi wenyewe tulikuwa tumekipoteza zamani, na tumepakiwa watoto watano juu yake miaka nenda miaka rudi. Fundi alipoona alitikisa kichwa, akakata mpira wa tairi akaufunika kwanza kabla ya kunidai chochote.

Siku ya kwanza baba aliendesha mpaka Raskazone na kurudi. Nilikaa kushoto kwake, kwenye shimo la mama, nimeinama kuelekea dirishani bila kutaka, kwa sababu kiti kinakulaza hivyo. Kilinichoma kwenye paja. Hakuongea mengi. Tulipofika nyumbani alishuka, akasimama wima, akafunga mlango bila kuushika paa. Kisha akazunguka upande wangu, akaniambia nigeuke, akanikung'uta ule unga wa kahawia kwenye gauni.