Mmea wa Mwamba na Ramani Iliyokosea

Ukitoka Kalemie kufuata ufuko wa Ziwa kwenda kaskazini, utaona milima ya Kabobo. Chini yake miti ya pori hukauka wakati wa kiangazi, na moto hupita. Lakini kwenye vijito na katika nyufa za miamba ubaridi hubaki. Huko huishi makangaga na mimea mingine myororo. Kangaga halina ua wala mbegu. Huzaa kwa njia ya vumbi jepesi, na pasipo maji uzazi wake haukamiliki. Kwa hiyo mtu akikata miti inayofunika kijito, ameua pia yaliyo kivulini.

Mwaka 1947 Serikali ya Wabeligiji iliweka hifadhi karibu na milima hiyo, hifadhi ya Luama. Jambo jema! Kumbe, baadaye waliochora ramani walikosea, wakaiweka kilometa 50 hivi upande wa magharibi. Basi sheria ilikuwapo, lakini katika ramani ililinda mahali pengine, na msitu wenyewe ukabaki bila mlinzi.

Tena tangu mwaka 1960 wataalamu hawakufika Kabobo, kwa sababu ya fujo na vita. Waliporudi mwaka 2007, wakiwamo watu wa Lwiro, walikuta wanyama sita wasiojulikana bado: popo mmoja, panya mmoja, virukanjia wawili na vyura wawili. Mwaka 2012 wengine walikusanya mimea 2,300 hivi pande za Luama. Mmoja ulikuwa umening'inia mwambani, kivulini penye unyevu, kama kangaga, ingawa ni wa jamaa ya mtini. Haukuwa umeandikwa katika kitabu cho chote. Mwaka 2014 ulipewa jina: Dorstenia luamensis, yaani ya Luama.

Mwaka 2016 mkoa wetu wa Tanganyika uliweka hifadhi ya Kabobo. Tushukuru. Lakini karatasi peke yake haizimi moto. Anayelima mlimani au kuchoma makaa si adui. Ana watoto wa kulisha. Tukae naye, tushauriane naye, tumwachie pa kulima, naye aache miti ya kijitoni, maana maji yale ndiyo wanawe watakayokunywa.

Adamu hakupewa bustani aiharibu. Mmea ule mdogo Mungu aliujua kabla haujapata jina. Je, sisi tulioujua juzi tu, tutaupoteza kesho?