Pikapu za Rohero na historia ya kurudisha magari yenye kasoro

Kiwanda cha magari kinapogundua kwamba kasoro ya hatari imewapita wakaguzi wake na kufika barabarani, hutoa wito wa kurudisha magari. Hutaja aina ya gari, miaka ya kuundwa na namba za chasi zinazohusika, kisha huwaandikia wenye magari wayapeleke kwa wakala wake ili yarekebishwe bila malipo. Mzunguko huo hukamilika pale tu barua inapomfikia anayeshika usukani.

Rohero ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Eneo hilo la katikati ya Bujumbura lina wizara, mabenki, balozi na ofisi za mashirika ya misaada, na pikapu ndiyo gari lake la kazi: Toyota Hilux ya kabini mbili, Land Cruiser ya msururu wa 70, Mitsubishi L200, Ford Ranger. Asubuhi hutoka na watu na mizigo, zikapanda barabara ya RN1 kuelekea Bugarama, kutoka ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, hadi zaidi ya mita 2,000. Jioni huteremka kona zilezile zikitegemea breki, usukani na chasi. Katika njia ya namna hiyo, kasoro ya kiwandani ni suala la uhai wa watu.

Mwanzo wa sheria

Hadi miaka ya 1960, ajali ilihesabiwa kuwa kosa la dereva au ubaya wa barabara. Mwaka 1965 mwanasheria wa Marekani, Ralph Nader, alichapisha kitabu kilichoyashutumu makampuni kwa kuuza magari ambayo yenyewe hayakuwa salama. Tarehe 9 Septemba 1966 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya usalama wa magari, na tangu hapo makampuni yakalazimika kuwajulisha wateja kasoro zilizogunduliwa.

Japani ilifuata mwaka 1969, baada ya magazeti kufichua kwamba makampuni yake yalikuwa yakirekebisha magari kimyakimya bila kuwaambia wenyewe. Kwa hiyo utaratibu wa Japani na Hilux ni karibu umri mmoja, kwani Hilux ya kwanza ilitoka Machi 1968 katika kiwanda cha Hino kilichoko Hamura, Tokyo.

Ubora unavyojengwa

Sifa ya pikapu za Kijapani katika Afrika ya Mashariki ina mizizi kiwandani. Sakichi Toyoda alitengeneza mtambo wa kufuma uliosimama wenyewe uzi ulipokatika, ili kitambaa kibovu kisiendelee kufumwa. Toyota iliichukua kanuni hiyo ikaitia kwenye magari: fundi anayeona tatizo huvuta kamba iliyo juu yake, msimamizi huja, na lisipotatuliwa mara moja mstari mzima husimama.

Mwaka 1950 mtaalamu wa takwimu kutoka Marekani, W. Edwards Deming, aliwafundisha wahandisi wa Japani kupima mwenendo wa kazi yenyewe. Skrubu elfu moja zikikazwa, mafundi hupima nguvu iliyotumika na kuona kama inaanza kupanda au kushuka, hata kabla skrubu moja haijalegea. Tuzo yenye jina la Deming ilianzishwa mwaka 1951, na Toyota iliipata mwaka 1965.

Mbinu hizo zilipunguza makosa kwenye mstari wa kuunganisha. Hata hivyo, gari hukusanya vipuri kutoka kwa wauzaji wengi, na kipuri kimoja hutumika katika aina nyingi za magari. Kadiri vipuri vya pamoja vilivyoongezeka, ndivyo kosa moja dogo lilivyoweza kuenea kwa mamilioni ya magari.

Miaka ya majaribu

Mwaka 2000 serikali ya Japani iligundua kwamba Mitsubishi Motors ilikuwa imeficha malalamiko ya wateja kwa zaidi ya miaka 20, ikirekebisha magari bila kutoa taarifa. Januari 2002 gurudumu la lori la Mitsubishi lilichomoka mjini Yokohama na kumuua mama aliyekuwa akitembea na watoto wake. Baadaye ilithibitika kwamba udhaifu wa kitovu cha gurudumu ulikuwa ukijulikana ndani ya kampuni.

Toyota nayo ilifikwa na majaribu. Mwaka 2009 na 2010 iliyaita mamilioni ya magari, pikapu za Tacoma na Tundra zikiwemo, kwa sababu ya mazulia yaliyonasa kanyagio la mafuta na makanyagio yaliyokwama. Akio Toyoda, rais wa kampuni, alihojiwa mbele ya Bunge la Marekani Februari 2010, akakiri kwamba kampuni ilikuwa imekua kwa kasi kuliko uwezo wake wa kuwaandaa watu wake.

Tacoma ilileta somo jingine. Chasi zake, zilizotengenezwa na muuzaji wa nje, hazikuwa na kinga ya kutosha dhidi ya kutu, na katika majimbo yanayomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji zilioza kutoka ndani. Kuanzia mwaka 2008 Toyota iliongeza dhamana hadi miaka 15. Wakaguzi waligonga chasi kwa nyundo, na chini ya makubaliano ya mahakamani ya mwaka 2016 tundu la milimita 10 au zaidi lilitosha kumpa mwenye gari haki ya chasi mpya.

Kubwa kuliko zote ilikuwa kasoro ya mifuko ya hewa ya Takata. Kemikali iliyoutunisha mfuko, nitrati ya amonia, hubadilika ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu. Siku ya ajali hulipuka kupita kiasi na kupasua mkebe wake wa chuma, na vipande humrukia dereva usoni na shingoni. Vifaa vipatavyo milioni 100 viliitwa duniani kote, na Takata ikafilisika Juni 2017. Nchini Marekani watu wawili walikufa katika pikapu za Ford Ranger za mwaka 2006, na Januari 2018 Ford iliwaambia wenye Ranger zipatazo 2,900 waache kabisa kuziendesha. Kwa mji wenye joto na unyevu wa ziwa kama Bujumbura, habari hiyo si ya mbali.

Hilux yenyewe iliguswa Aprili 2014, Toyota ilipoita zaidi ya magari milioni 6 kwa kasoro mbalimbali. Mojawapo ilikuwa waya mwembamba unaojikunja ndani ya usukani ili umeme uufikie mfuko wa hewa huku usukani ukizunguka. Waya huo ukisuguliwa na kukatika, mfuko hautafunguka. Kisha Januari 2024 ikafichuka kwamba Toyota Industries ilikuwa imefanyia majaribio injini za dizeli kwa programu tofauti na ile ya magari yanayouzwa, ili vipimo vya nguvu vionekane tulivu. Usafirishaji wa aina 10 za magari, Hilux ikiwemo, ulisimamishwa kwa muda, ingawa Toyota ilisema magari yaliyokwisha kuuzwa yaliweza kuendelea kutumika.

Njia mbili za kufika Rohero

Pikapu hufika Rohero kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni ya magari mapya, yanayonunuliwa kwa wakala au kuagizwa na mashirika ya kimataifa kupitia wauzaji maalumu kama Toyota Gibraltar Stockholdings. Gari hilo lina faili, kiwanda kinajua nani amelichukua, na wito ukitoka kuna anwani ya kupeleka barua.

Njia ya pili ni ya magari yaliyotumika. Gari hufutwa katika daftari la usajili la Japani, hupakiwa melini hadi Dar es Salaam, kisha huvuka mpaka wa Kabanga na Kobero kuingia Burundi. Siku linapofutwa kule, anwani ya mwenyewe hukatika. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba kati ya 2015 na 2018 Ulaya, Japani na Marekani zilisafirisha nje magari madogo yaliyotumika milioni 14, asilimia 40 hivi yakija Afrika.

Mafundi wa gereji za Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura, hufufua magari mengi ya aina hiyo. Ustadi wao ni mkubwa, lakini mkebe wa mfuko wa hewa haupimwi kwa jicho wala kwa spana. Ukaguzi wa kawaida huona taa, matairi na breki; kasoro iliyofungwa ndani ya kifaa hujulikana kwa taarifa ya kiwanda peke yake.

Namba ya chasi

Kinachoweza kuunganisha tena kiwanda na mwenye gari ni namba ya chasi. Kwenye Hilux hupigwa mhuri katika boriti ya kulia, karibu na gurudumu la mbele. Magari yaliyoundwa kwa soko la kimataifa yana herufi na tarakimu 17: AHT mwanzoni huonyesha Toyota ya Afrika Kusini, na MR0 ya Thailand. Magari yaliyouzwa ndani ya Japani yana namba fupi, kama LN106 ikifuatwa na tarakimu saba, na lazima yatafutwe katika kurasa za Kijapani za kampuni. Anayetafuta kwenye kurasa za Marekani au Ulaya hataliona gari lake, akadhani liko salama.

Mnunuzi wa pikapu iliyotumika ana mambo matatu ya kufanya kabla ya kulipa: kuisoma namba kwenye chuma na kuilinganisha na karatasi, kuitafuta katika orodha ya nchi gari lilikouzwa kwanza, na kuingia chini ya gari kuitazama chasi. Akikuta wito haujatekelezwa, amwulize wakala kama kipuri kinapatikana.

Mtu mmoja mmoja hawezi kuumaliza mzigo huu. Mamlaka ya mapato, OBR, huandika namba ya chasi gari linaposajiliwa; shirika la usafiri wa umma, OTRACO, hulikagua; na BBN ndiyo ofisi ya viwango. Namba hizo zikilinganishwa mara kwa mara na orodha za viwanda, taarifa itamfikia mwenye gari hata kama limebadilisha mikono mara nne. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na kwa kuwa magari haya hupita bandari na mipaka ileile, orodha moja ya Jumuiya ingewalinda wasafiri wa Bujumbura, Kigoma na Mombasa kwa pamoja. Anayepanda nyuma ya pikapu ya zamani anastahili usalama uleule alioahidiwa mnunuzi wa kwanza.