Raleigh, kotapini na nyuzi 26

Haya wasomaji, leo naweka programu kando kidogo. Kidogo tu, maana habari yenyewe ni ya viwango, na sisi watu wa kompyuta viwango ndivyo vinavyotukosesha usingizi.

Nina Raleigh ya mbio ya miaka ya 1970, fremu ya chuma kutoka Nottingham, Uingereza. Krenki zake, yaani ile mikono miwili inayoshika pedali, zimelika. Nimepata seti ya mtumba ya alumini yenye gia ndogo ya mbele. Anayejua barabara inavyopanda kutoka Awasi hadi hapa Kapsoit, na bado Kericho iko mbele, ataelewa kwa nini naitaka. Lakini krenki za seti hii na fremu yangu zimezaliwa katika nyumba mbili tofauti.

Tuanze na za zamani. Zinashikwa na kotapini: pini ya chuma nene kama kalamu, iliyochongwa bapa upande mmoja kama kabari. Inapita ndani ya krenki na kubana sehemu bapa ya ekseli. Unaigonga kwa nyundo ikaze, kisha nati ndogo inaizuia isirudi. Kila aliyekulia karibu na Black Mamba anaijua, hata kama hajui jina. Ikilegea, mguu unasikia "ka!" kila ukikanyaga. Waingereza walileta muundo huu, na Wahindi na Wachina wakauendeleza: Hero ilianza Ludhiana mwaka 1956, Phoenix ikaanza Shanghai mwaka 1958. Baiskeli zao nyeusi zilizojaa kwetu zilikuja na pini ile ile.

Wakati huo pini ilikuwa tayari na mpinzani. Mwaka 1933 kampuni ya Stronglight ya Saint-Étienne, Ufaransa, ilitoa krenki ya alumini isiyo na pini. Ncha ya ekseli ni ya mraba unaopungua taratibu, na krenki inasukumwa juu yake kwa boliti. Ni nyepesi na nzuri, lakini kwa miaka mingi ilikuwa ghali, ya wakimbiaji. Raleigh za bei ya chini, hata zenye umbo la mbio, ziliendelea na pini hadi miaka ya 1970.

Sasa tufike kwenye kiini. Ekseli inapita ndani ya bomba fupi chini ya fremu, na pande zote mbili kuna vikombe vilivyofungwa kwa nyuzi, zile zinazozunguka kama kwenye boliti. Viwanda vingi vya Uingereza vilikubaliana nyuzi 24 kwa inchi. Raleigh, kwenye fremu zake za Nottingham, ilitumia 26. Iliweza, kwa sababu ilikuwa kubwa na ilijitengenezea vitu vingi yenyewe. Hata gia zilitoka Sturmey-Archer, kampuni yake. Mteja akitaka kipuri, arudi kwa Raleigh. Mnaifahamu tabia hii, tumeiona kwenye chaja za simu.

Kisha ikaanza kuwameza wengine: Humber mwaka 1932, Rudge-Whitworth 1943, Triumph 1954, BSA 1957. Hilo la mwisho linanichekesha. BSA ilianza kama kiwanda cha bunduki huko Birmingham, na nembo yake ni bunduki tatu. Raleigh ilinunua jina hilo la baiskeli, lakini leo ukiagiza vikombe vya nyuzi 24 popote duniani, sanduku limeandikwa "BSA". Nyuzi 26 ni adimu dukani, na kiwanda cha Raleigh cha Nottingham kilifungwa mwaka 2002.

Ubaya ni kwamba kipenyo ni kile kile. Kikombe cha nyuzi 24 kinaanza kuingia kwenye fremu ya 26, kinazunguka kidogo, halafu kinagoma. Mwenye haraka analeta spana ndefu, na fremu inaharibika moja kwa moja. Fundi wangu hapa Kapsoit hakufika huko. Alifungua kikombe cha zamani, akakilaza juu ya kipya nyuzi zikiingiliana, akainua juani. Mwanga ukapenya. "Kijana, hawa si ndugu," akasema.

Dawa ni kuacha vikombe vya Raleigh mahali pake na kubadilisha ekseli tu: ya mraba, yenye urefu unaofaa kati ya mabega yanayogusa goroli. Goroli ni za robo inchi, 11 kila upande. Fremu haiguswi. Ni sawa na kuacha hifadhidata ya zamani ilivyo na kuandika kipande kidogo cha kuiunganisha na programu mpya.

Kutoa pini kunahitaji utulivu. Legeza nati lakini usiitoe yote, ilinde ncha ya pini. Weka bomba la chuma chini ya krenki, liguse sakafu, ili pigo lisiende kwenye goroli. Halafu piga mara moja, kwa nguvu. Vigongo vidogo vidogo huipinda.

Na mraba nao si mmoja! Upo wa Kijapani, JIS, na wa ISO uliotumiwa sana na Waitaliano. Krenki ya ISO kwenye ekseli ya JIS inakaa nje zaidi kwa takriban milimita 4.5, na mnyororo unakwenda upande. Hata kifaa cha kuvutia krenki kinatofautiana: kawaida ni milimita 22, lakini TA walitumia 23 na Stronglight 23.35.

Kwa hiyo sisemi kila mtu atupe pini. Baiskeli ya kupeleka maziwa asubuhi ningeiachia kotapini: ikiharibika, nyundo na tupa zinatosha, na pini mpya huchongwa hadi ikae. Krenki ya alumini bila kile kifaa cha kuvutia haitoki.

Kabla ya kununua chochote, pima nusu inchi kwenye kikombe chako cha zamani na uhesabu nyuzi. Zikiwa 12, nunua vya BSA. Zikiwa 13, visafishe hivyo hivyo ulivyonavyo, tia grisi, na utafute ekseli.