Mbwa wa Actaeon

Katika hekaya za kale, Actaeon alikuwa mwindaji. Siku moja porini akamfuma Diana, mungu wa kike wa mawindo, akioga. Diana akamgeuza kulungu. Mbwa wake mwenyewe wasimtambue, wakamrarua. Ovid, mshairi wa Roma, aliisimulia kama mkosi tu.

Sasa, ndugu msomaji, mtazame Giordano Bruno, Mtaliano aliyezaliwa Nola mwaka 1548. Mwaka 1585, akiwa London, alichapisha kitabu cha soneti na majadiliano, De gli eroici furori, akamtunukia mshairi Philip Sidney. Humo hekaya ile ile imepinduliwa. Diana ni ukweli uliomo katika maumbile, na mbwa ni fikra za mtafutaji. Akishauona ukweli, fikra zake zinamgeukia, zinamla, na utu wake wa zamani unakufa. Kwa Bruno hii si adhabu hata kidogo, ni ushindi: alichokuwa akikiwinda nje, anakikuta ndani yake.

Bruno alikamatwa Venice mwaka 1592. Tarehe 17 Februari 1600 akachomwa moto akiwa hai, Roma, katika uwanja wa Campo de' Fiori. Basi wako wanaosema alijitabiria. Hapana bwana! Mbwa wa shairi ni wa mwindaji mwenyewe, na wanamla ili azaliwe upya. Moto ule uliwashwa na watu wengine, wakitaka anyamaze. Tukiuita fumbo, tutakuwa tumewasamehe bure.