Umaskini wa Nyama

Mwaka 1989 yalichapishwa maandishi mawili ambayo napenda kuyasoma pamoja. Kule Marekani, daktari Irwin Rosenberg aliupa jina ule upungufu wa misuli unaokuja na uzee: sarkopenia, maneno ya Kigiriki, yaani umaskini wa nyama ya mwili. Na jarida la Lancet la Uingereza likatoa utafiti wa kina Donald McLarty wa Muhimbili, waliopima sukari ya damu vijijini Tanzania wakakuta wenye kisukari hawafiki hata 1 kati ya watu wazima 100.

Vijiji vile havikuwa vya Mbeya wala Iringa, lakini maisha yake tunayajua: jembe la mkono, kinu na mchi, mzigo wa kuni mlimani. Ukishakula, sehemu kubwa ya sukari huchukuliwa na misuli. Misuli ndiyo ghala. Ghala likipungua, ugali uleule uliomlea mtu miaka 40 unaanza kumgeuka. Tena misuli inaweza kuisha huku kitambi kinakua, mizani isiseme kitu.

Halafu ikaja lami ya kwenda Zambia, ikaja TAZARA iliyokabidhiwa 1976, mashine za kusaga, na juzijuzi bodaboda. Leo kutoka Ipogolo kupanda Iringa mjini nani anatembea? Ila sitaki ile hadithi ya “wazee wa zamani walikuwa imara”. Mama aliyepanda kilima na debe la maji kichwani na mtoto mgongoni hakuwa anafanya mazoezi, jamani. Mashine ilimpumzisha, na alistahili.

Kinachonikera ni neno letu “uzee”, tunalolitumia kufungia mjadala. Bibi hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono? Uzee huo. Wakati mwaka 1990 tu, Maria Fiatarone na wenzake kule Boston waliwapa wazee wachache wa miaka 90 hivi mazoezi ya kuinua uzito kwa wiki 8, na nguvu za miguu zikaongezeka zaidi ya maradufu.

Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta kisukari kwa watu 9 hivi kati ya 100. Ulijumuisha na mijini, kwa hiyo usiulinganishe kirahisi na ule wa 1989. Lakini tazama umri wa waliopimwa: miaka 25 hadi 64. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inahesabu uzee kuanzia 60. Bibi wa kwenye kigoda, mwenye miaka 70, hakupimwa.