Gesi ya Ziwa Kivu: Rwanda inawasha taa, Goma inangoja

GOMA – Tarehe 27 mwezi wa tano 2021, siku tano baada ya volkeno Nyiragongo kulipuka, wakaaji wa kata 10 za mji wa Goma waliamriwa kuhama mara moja. Wengi walishika njia ya Sake, wengine wakavuka mpaka kwenda Rwanda. Moja ya hofu ilikuwa kwamba moto ulio chini ya ardhi ungefika ziwani na kuamsha gesi.

Watu wa Goma wanaijua mazuku, hewa isiyoonekana inayotulia mabondeni na kuua watu na mifugo. Hewa hiyo ya kaboni imo pia chini ya Ziwa Kivu, mita za ujazo bilioni 300 hivi, pamoja na bilioni 60 za metani, gesi inayowaka. Uzito wa maji ndio unaoizuia isipande. Huko Kameruni, mwaka 1986, Ziwa Nyos lilitapika gesi usiku mmoja, na watu zaidi ya 1,700 wakafa.

Kuitumia si jambo jipya. Tangu miaka ya 1960, kiwanda cha bia cha Gisenyi kilitumia metani ya ziwa. Mwaka 1975, Zaire na Rwanda zilipatana kwamba gesi ni mali ya nchi zote mbili. Mwaka 2016, Rwanda ilizindua kituo cha KivuWatt huko Karongi, megawati 26. Maji huvutwa kutoka kilindini, metani hutengwa, kisha maji hurudishwa chini.

Kwa upande wa Kongo, mwezi wa saba 2022, Kinshasa ilifungua mnada wa vitalu 27 vya mafuta, vingine ndani ya Virunga, na vitatu vya gesi katika Ziwa Kivu. Vile vya gesi vilipewa makampuni mwanzoni mwa 2023. Mnada wa mafuta ulifutwa mwezi wa kumi 2024. Vita ilipoingia Goma mwezi wa kwanza 2025, metani ya upande wa Kongo ilikuwa bado haijawasha hata taa moja mjini.

Gesi ikitolewa vizuri, hatari inapungua. Maji yakirudishwa vibaya, tabaka za ziwa zinaweza kuvurugika. Kwa hiyo, siku mitambo itakapofika, waliokimbia 2021 wana haki ya kuuliza kwanza: maji yatarudishwa kina gani, nani atayapima, na nani atawaonya usiku?