Msaada wa Chakula (Chwele)
Msaada wa chakula ni nafaka, mboga au fedha zinazopewa kaya zilizoishiwa na akiba. Huko Chwele, mji wa soko katika Kaunti ya Bungoma, njaa huja kwa msimu: mahindi yaliyopandwa Machi huwa bado mabichi shambani Juni, huku bei ya gorogoro, yaani kopo la takriban kilo 2 la kupimia nafaka, ikipanda. Kwa kuwa soko lenyewe halikosi chakula, fedha za kununulia papo hapo mara nyingi hufaa kuliko magunia ya kutoka mbali, ambayo huweza kumwangushia mkulima bei. Atoaye mahindi hana budi kuyakausha hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, kwani yenye ukungu huweza kubeba sumukuvu, sumu isiyoisha kwa kupikwa.